Mstari wa Saba, Kikasha cha Saba

Duka la miwani lilikuwa na fremu za aina mbili tu, nyeusi na kahawia. Mteja aliyetaka rangi nyingine aliambiwa bila kuzungushwa kwamba miwani ni ya kuonea, si ya kuonekana nayo. Maneno hayo yalikuwa ya daktari wa macho, mwenye duka, mtu mpole asiyependa mizozo wala kununua vitu vipya. Kwa hiyo vikasha vya miwani vilifanana vyote, na juu ya kila kikasha fundi wa lenzi aliandika namba za lenzi siku ya kuagizwa, basi. Majina ya wateja yalikaa kwenye kompyuta.

Kati ya kompyuta na vikasha alisimama Mama Rafu. Jina hilo alipewa na wateja, na kwa miaka kumi na moja alilijibu zaidi kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kumkabidhi kila mtu miwani yake, na njia yake ilikuwa hii. Mteja akiagiza, kikasha chake kitupu kiliwekwa mwisho wa rafu, upande wa dirishani, kisubiri miwani kutoka kwa fundi. Kikasha kikichukuliwa, Mama Rafu alivisogeza vilivyobaki kuziba pengo. Fomu ya maagizo kwenye kompyuta nayo ilifanya vivyo hivyo: mpya alikaa chini kabisa, aliyekwisha kuchukua aliondoka, na waliobaki walipanda. Mteja akitaja jina, Mama Rafu alitazama yuko mstari wa ngapi, kisha akahesabu vikasha. Mstari wa saba, kikasha cha saba. Hakufundishwa na mtu. Jambo hilo aliligundua mwenyewe mwezi wake wa kwanza, na aliliona la wazi mno hata hakuwahi kumweleza yeyote.

Kisha mambo yakaenda mrama.

Wa kwanza kurudi alikuwa kinyozi, amefuatana na mteja wake aliyebakiwa na unyusi mmoja. Kinyozi alisema miwani aliyopewa juzi inamwonyesha kila kitu kikiwa hatua mbili mbele ya kilipo. Mwenye unyusi mmoja alijiegemeza tu kwenye kaunta ili aonekane vizuri. Kesho yake akaja mwalimu wa hesabu, naye akafuatwa na hakimu mstaafu ambaye miwani yake ndiyo iliyokuwa usoni mwa mwalimu. Mwalimu alikataa katakata kuivua. Alisema tangu aipate, kazi za wanafunzi wake zimekuwa nzuri ajabu.

Mpaka mwisho wa wiki watu tisa walikuwa wametembea mjini na macho ya watu wengine. Daktari alimwita Mama Rafu chumbani, kwenye kile kiti cha kupimia macho, akamwinamia.

“Mama Rafu, unalala vizuri?”

“Nalala.”

“Unakula?”

“Daktari, kama unataka kuniambia nimekosea, niambie tu. Nimehesabu kama ninavyohesabu siku zote.”

“Nakuamini,” daktari akasema, kwa sauti ya mtu asiyeamini. “Lakini kompyuta haisahau. Anayesahau ni binadamu.”

Neno hilo lilimwingia Mama Rafu mpaka kwenye mifupa. Marehemu mama yake alianza hivyo hivyo. Alianza kwa kupoteza funguo, akafuatia kuweka viatu ndani ya kabati la vyombo, na mwisho akawa anamwita binti yake “dada” na kumuuliza kwa adabu wenye nyumba hii wamekwenda wapi. Mama Rafu alimwogesha na kumlisha miaka minne. Hakuogopa kufa, lakini jambo hilo aliliogopa, na hakuwahi kumwambia mtu ila mumewe.

Kumwambia mumewe lilikuwa kosa. Mzee huyo alikuwa mwalimu wa udereva aliyestaafu, na maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba hakuna ajali isiyoweza kuzuiwa na kibao kilichowekwa mapema. Jumamosi Mama Rafu aliamka akakuta nyumba nzima imebandikwa karatasi. SUKARI. CHUMVI. ZIMA JIKO. Juu ya mlango wa mbele iliandikwa, kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani, MLANGO.

“Hii umembandikia nani?” aliuliza.

“Wageni,” akasema mumewe.

“Wageni gani wasioujua mlango? Wanaingilia wapi?”

“Mke wangu, usipandishe gia. Taratibu tu. Tutaenda mwendo wako.”

Jioni akapiga simu binti yao, aliyeolewa mbali, sauti yake tamu kupita kawaida. Aliuliza habari za hali ya hewa, akauliza habari za jirani, halafu akapenyeza swali lake. “Mama, hivi leo ni siku gani?”

“Leo ni siku uliyoacha kuniheshimu,” Mama Rafu akasema, akakata simu. Kisha akaenda kuangalia kalenda. Ilikuwa Jumamosi kweli, lakini alijichukia kwa kuangalia.

Wiki ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Alihesabu mistari kwa kidole, akahesabu vikasha kwa kidole, akarudia mara mbili, na bado mke wa mchungaji alirudi akilalamika kwamba amemkanyaga paka akidhani ni zulia. Alhamisi daktari alitoa uamuzi, na alivyokuwa hapendi mizozo aliutoa akiwa ameipa kisogo kaunta, anafuta kioo kisicho na vumbi.

“Kuanzia Jumatatu rafu ataishika dada wa mapokezi. Wewe utapumzika, Mama.”

“Nimesema nimechoka?”

“Hujasema.” Daktari aliendelea kufuta. “Miaka kumi na moja si midogo.”

Dada wa mapokezi, aliyekuwa na miezi miwili tu kazini, aliinamisha kichwa akapanga kalamu zilizokuwa zimepangika.

Ijumaa Mama Rafu aliwahi kufika, akafungua duka mwenyewe. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu aikabidhi rafu ikiwa safi, asije mtu akasema alikuwa msahaulifu na mchafu pia. Akachukua kitambaa akaanza kufuta kikasha kimoja kimoja, na kama kawaida ya mtu aliye peke yake, akawa anasema nacho. Wewe wa fundi cherehani, ulisema utakuja Jumanne hukuja. Wewe wa yule bwana anayekohoa. Wewe wa mama wa mapacha, waliovunja fremu kabla ya lenzi kuwekwa. Alifika kikasha cha arobaini na tatu, dirishani, cha mpiga picha aliyeagiza jana saa kumi, na hapo kitambaa kikasimama.

Alikuwa amewataja wote.

Akaiwasha kompyuta, akamtafuta fundi cherehani, akazisoma namba za lenzi zake, akazilinganisha na zilizo kwenye kikasha. Ndizo. Akamtafuta anayekohoa. Ndizo. Alifanya hivyo kwa wote arobaini na watatu, mwendo wa saa nzima, na hapakuwa na kosa hata moja. Kichwa chake kilikuwa kizima. Halafu akaitazama fomu yenyewe, kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mgeni, akaona mpiga picha wa jana jioni amekaa mstari wa pili, juu ya watu waliomtangulia kwa mwezi mzima.

Akaigeuza kompyuta ikatazama ukuta.

Daktari alipoingia alikuta foleni kaunta na Mama Rafu anagawa miwani kwa kichwa. Wewe uliagiza siku ile ya mvua, shika. Wewe ulikuja na shemeji yako, mkagombana, shika. Kila aliyepewa alisimamishwa mbele ya chati ya herufi, akasoma mpaka mstari wa chini.

“Mbona kompyuta inatazama ukuta?” daktari akauliza.

“Nimeiadhibu.”

Daktari alihesabu wateja kumi na wawili bila kosa, akavua miwani yake mwenyewe, akaivaa tena, akampigia simu fundi wa kompyuta.

Fundi alikuja mchana. Aliifungua fomu, akaangalia upande huu na ule, akacheka kidogo.

“Hii fomu haijawahi kuambiwa ijipange vipi ikifunguliwa,” akasema. “Ilikuwa inawaonyesha watu kwa mfuatano walivyoingizwa, bahati yenu tu. Mtu akiipanga vingine, kisha wakati wa kufunga akakubali kuhifadhi mabadiliko, kesho yake inafunguka vile alivyoiacha. Nani huwa anakubali?”

“Mimi huipanga kwa majina,” dada wa mapokezi akasema, macho chini. “Nikifunga inaniuliza kama nihifadhi. Inauliza kwa heshima, nitaikatalia vipi?”

“Ulianza lini?”

“Wiki mbili zilizopita.”

“Lakini siku nyingine hazikuwa majina,” akasema Mama Rafu. “Zilikuwa vurugu.”

Daktari alikohoa. “Mimi naipanga kwa tarehe ya kurudi kupimwa,” akasema. “Dada ndiye aliyenionyesha. Na mimi huwa naikubalia.”

Mama Rafu aliwatazama wote wawili. Alikuwa na maneno mengi, na mengine si ya kusemwa mbele ya wateja, kwa hiyo akayameza.

“Si tatizo,” fundi akasema. “Naiwekea mpangilio wa kudumu sasa hivi. Mtu ataipanga atakavyo mchana, lakini ikifunguliwa upya inarudi pale pale. Semeni tu mnataka upi.”

“Majina,” akasema dada wa mapokezi.

“Tarehe ya kurudi,” akasema daktari.

Fundi hakuandika kitu. Alikigeuza kiti. “Anayeshinda na hii fomu kutwa ni nani? Mama, wewe unataka ifunguke imejipanga vipi?”

Kwa wiki mbili Mama Rafu alikuwa ameulizwa leo ni siku gani, amekula nini, amezima jiko, na kila aliyeuliza alikuwa na jibu lake tayari mfukoni. Machozi yakamshuka bila kumwomba ruhusa, daktari akampa kwa haraka kitambaa cha kufutia lenzi, kwa kuwa duka halikuwa na kingine, naye akajifuta nacho vizuri.

“Kwa tarehe ya kuagiza,” akasema. “Aliyetangulia akae juu.”

Fundi akabonyeza hapa na pale, kisha akasita. “Na wakilingana tarehe?”

“Wakilingana,” akasema Mama Rafu, “mtaniuliza mimi.”