Swali Kabla ya Kipimajoto

Saa moja asubuhi haijatimia, na foleni imeshaanza mbele ya geti la shule moja ya awali katika mtaa wa nyuma wa Remera, jijini Kigali. Pudentienne, muuguzi wa shule, amesimama kando ya geti, koti jeupe juu ya sweta, kipimajoto mfukoni. Hakitoi. Kwanza anauliza.

"Mtoto amekunywa nini asubuhi?"

Bibi aliyemshika mjukuu mkono hababaiki. "Chai ya maziwa."

"Na dawa?"

"Ah, dawa. Kidogo tu, ya mafua. Hiyo nayo ni ya kusema?"

"Hiyo ndiyo ya kusema, mukecuru."

Mukecuru ni jina la heshima kwa mwanamke mzee, na bibi huyu analipokea kwa kicheko. Anataja dawa, kipimo chake na saa aliyompa. Mjukuu harudishwi nyumbani. Anapelekwa kwenye chumba cha pembeni chenye kitanda kimoja na dirisha kubwa, akae chini ya jicho la muuguzi mpaka wakati wa uji.

Mwanzoni mwa muhula swali hilo halikuwepo. Kulikuwa na kipimajoto peke yake. Mtoto mwenye homa alirudishwa pale pale getini, na mzazi akatafuta namna ya kugawa siku yake.

Wazazi waliielewa sheria hiyo upesi kuliko shule ilivyotaka. Walianza kuwapa watoto dawa ya kushusha homa kabla ya kutoka nyumbani. Mtoto alifika getini mwili umepoa, akapita, na asubuhi ilipokuwa katikati homa ikarudi. Walezi wa shule waliipa jina: homa ya saa nne.

Pudentienne ana miaka arobaini na saba. Alizaliwa Burundi kwa wazazi Wanyarwanda na kukulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili chake kilianzia. Anaishi Gitega, karibu na katikati ya jiji la Kigali, pamoja na mwanawe Clovis. Mumewe alifariki Clovis akiwa bado mdogo.

Kabla ya kuja shuleni alifanya kazi miaka mingi katika kituo cha afya cha Gitega. Huko muuguzi huketi na mgonjwa, humsikiliza, huagiza kipimo na kuandika dawa. Nusu ya akina mama wa Gitega wanamfahamu kwa kalamu yake.

Shuleni cheti ni kile kile, mipaka ni mingine. Anaruhusiwa kuosha kidonda, kuzuia damu ya puani, na kumsaidia mwenye pumu kutumia dawa yake ya kuvuta. Anampa mtoto dawa iliyoandikwa kwa jina la mtoto huyo na mtu mwenye mamlaka ya kuiandika, ikiwa katika pakiti yake na mzazi ameridhia. Anaamua nani aende kituo cha afya, na kwa haraka gani. Haruhusiwi kutaja ugonjwa wala kuanzisha dawa yeye mwenyewe.

"Watu wanaona nimeshushwa cheo," anasema. "Sikushushwa. Kule maabara ilikuwa mlango wa pili, na nilikuwa na wenzangu wa kuwauliza. Hapa nina kitanda, maji na simu. Mikono ni ile ile, macho ndiyo yamepungua."

Mshahara wake ni faranga laki moja na themanini elfu kwa mwezi, na mkataba ulikuwa wa muhula kwa muhula. Oktoba, mkataba huo nusura umponyoke.

Ilikuwa Jumanne. Mlezi wa darasa la wadogo, Christella, alimleta Shami, mtoto wa miaka minne, akiwa amejiinamia na uji ameukataa. Mwili ulikuwa wa moto. Ndani ya mfuko wake wa shule kulikuwa na chupa ya dawa ya maji ya homa, imeshafika nusu, na kikombe chake kidogo cha kupimia.

Baba yake, Mutsinzi, aliyekulia Tanzania na anayefanya kazi katika ofisi moja Kiyovu, alipokea simu kwa sauti ya chini.

"Dada, dawa iko kwenye mfuko wa mbele. Mpe kidogo apoe, nitapita mchana."

"Nani alimpa mara ya mwisho?"

"Hajapewa." Akajirekebisha. "Yaani, nilimpa mimi tukiwa tunatoka. Kidogo."

"Na mama yake?"

"Mama yake alitoka alfajiri kwenda dukani. Hata hajui kama mtoto ana homa."

Pudentienne ana kanuni asiyoivunja: hampi mtoto kitu kabla hajazungumza na kila mkono uliomgusa mtoto asubuhi ile. Akampigia Jovia, mama wa Shami, dukani kwake.

"Nilimpa akiwa bado kitandani," Jovia alisema. "Sikumwambia baba yake. Angesema mtoto abaki nyumbani, na nani angebaki naye? Msichana wa kazi amekwenda kwao kwenye msiba."

Baba na mama walikuwa wamefichana jambo moja kwa sababu moja. Kila mmoja alitaka mtoto apite getini.

Muuguzi akampigia tena Mutsinzi. Mazungumzo yale yeye na Mutsinzi wanayasimulia sawasawa, jambo ambalo si la kawaida katika ugomvi.

"Amekunywa mara mbili, yako na ya mama yake. Ya tatu haitoki mkononi mwangu. Njoo umpeleke kituo cha afya."

"Nina kikao, muganga." Jijini Kigali kila mwenye koti jeupe huitwa muganga, yaani daktari, hasa anapoombwa kitu. "Si ni wewe uliyemtibu dada yake Shami kule Gitega? Uliandika dawa hata kiti hakijapata joto."

"Niliandika baada ya kipimo."

"Na leo umesahau kazi?"

"Sijasahau. Leo sina kipimo."

Mutsinzi alifika kwa pikipiki, tai ikiwa begani. Alimkuta mwanawe amevuliwa sweta, ananyweshwa maji kwa kijiko, na Pudentienne akitazama kifua kinavyopanda na kushuka. Baba hakusalimia. Alimbeba mtoto na kuondoka.

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kituo cha afya kilisema ni mafua, kikaonya dawa ile ya homa isirudiwe mpaka jioni. Siku ya kazi ya Mutsinzi ikawa imekwisha. Jioni hiyo hiyo alimpigia mwenye shule.

"Nimeacha kikao kwa ajili ya mafua," alimwambia.

Mwenye shule ni Trinah, aliyekulia Kampala na kuifungua shule yake katika nyumba ya kupanga. Anakiri kwamba lalamiko hilo halikuwa la kwanza. "Wazazi walikuwa wananiuliza: huyo nesi wako, kazi yake ni kupiga simu? Kusema kweli, mimi mwenyewe nilikuwa sina jibu. Nilikuwa nimeanza kutafuta mwingine."

Pudentienne aliambiwa hivyo ana kwa ana. Angeweza kuahidi kulegeza. Badala yake aliomba mkutano wa wazazi.

Ulifanyika Jumamosi darasani, wazazi wakiwa wamekalia viti vya watoto, magoti yamefika kifuani. Mutsinzi alitakiwa kuanza.

"Nitasema nikiwa nimekaa," alisema. "Nikisimama, hiki kiti kitasimama na mimi."

Watu walicheka. Kisha akaeleza kisa chake bila kuongeza chumvi: simu, pikipiki, kipimo safi. Akamaliza kwa kusema, "Kama shule ina muuguzi na bado mimi ndiye wa kukimbia, basi kuna mmoja kati yetu amezidi."

Trinah akamgeukia Pudentienne. "Ungejua ni mafua, ungefanya nini?"

"Ningepiga simu ile ile."

"Kwa mafua?"

"Nisingejua ni mafua. Aliyejua ni aliyepima."

Mzazi mmoja akauliza kama dawa ya mara ya tatu ingemdhuru mtoto. Hapo Pudentienne alikuwa na nafasi ya kuwatisha, na hakuitumia. "Huenda asingepata madhara yoyote," alijibu. "Lakini dawa hii ikizidi huumiza ini, na ini halilalamiki mapema. Mpaka wake uko wapi, sitajifunza kwa mtoto wa mtu."

Aliyeugeuza mkutano ni Jovia. Alikuwa amekaa nyuma ya mumewe na hakuomba nafasi ya kusema.

"Mnagombana na simu, na shida si simu. Sisi tunaogopa geti. Nikisema ukweli, narudi naye. Nikinyamaza, anapita. Nani hapa hajawahi kunyamaza?"

Hakuna aliyeinua mkono. Mtu akacheka, kisha wengi wakacheka, na Mutsinzi akageuka kumtazama mkewe. "Hata mimi umeninyamazia."

"Na wewe ulinisemesha?"

Pudentienne alisubiri kicheko kitulie. Pendekezo lake lilikuwa na pande mbili. Mzazi atakayesema ukweli kuhusu dawa hatarudishwa getini, isipokuwa mtoto ana dalili za hatari. Mtoto atakaa chumba cha pembeni, na mzazi ataacha simu wazi na kutaja mtu wa kuja kumchukua. Kwa upande wa pili, dawa iliyotolewa nyumbani kwa kubahatisha haitarudiwa shuleni, hata mzazi akiomba kwa machozi.

"Kwa hiyo wangu wazima wakae shule moja na wagonjwa?" aliuliza Régis, baba wa mapacha.

"Wagonjwa walikuwa wanakaa nao darasani, mzee. Sasa watakaa pembeni."

Trinah alikubali kwa majaribio. Ikifika Desemba, alisema, ataangalia kama utaratibu umesimama, na kama muuguzi anabaki.

Homa ya saa nne haijaisha. Watoto wanaugua kama walivyokuwa wakiugua, na mzazi mmoja amemhamisha mtoto wake akisema shule ina maswali mengi. Kilichobadilika ni kwamba homa inaporudi inamkuta mtu anayeisubiri, na anayejua dawa ipi ilitangulia.

Wiki iliyopita Trinah alimwita ofisini na kumpa mkataba wa mwaka mzima. Pudentienne aliusoma, akaurudisha mezani. Aliomba yale asiyoruhusiwa kufanya yaandikwe humo humo, waziwazi, ili siku mzazi akipandisha sauti, asibaki na neno lake tupu.

"Sijaona mtu wa kuomba apunguziwe kazi," Trinah anasema, akitikisa kichwa.

"Sikuomba kupunguziwa," Pudentienne anajibu. "Niliomba mpaka. Shamba lisilo na mpaka kila mtu analima."

Yaliandikwa. Akatia saini.

Sasa ana mpango mwingine. Gitega kuna wanawake wanaolea watoto wa majirani majumbani mwao wakati mama zao wako kwenye biashara ndogondogo. Mfuko mmoja, chupa tatu za dawa, na hakuna anayejua ya nani. Kuanzia Januari, Jumapili baada ya misa, anataka kukaa nao uani kwake. Atawaonyesha mtoto wa kukimbizwa hospitali bila kungoja: asiyeweza kunywa, anayepata degedege, asiyeamka, anayepumua kwa shida. Na atawafundisha kuuliza.

"Kutibu siwafundishi," anasema. "Wakitoka kwangu wakidhani wanajua kutibu, nimewadanganya."

Getini foleni inasogea. Mutsinzi anafika na Shami, simu sikioni, kabla hajaulizwa.

"Jovia, umempa kitu? Haya." Anamgeukia muuguzi. "Hajampa. Na mimi sijampa. Ameshiba uji, mzima kabisa."

"Vizuri, baba Shami. Na msichana wa kazi, si alisharudi kutoka kwao? Yeye je?"

Huyo Mutsinzi hakumuuliza. Anaitazama simu, kisha anabonyeza namba nyingine. Pudentienne anangoja. Kipimajoto bado kiko mfukoni.