Asilimia Thelathini na Moja

Sina kawaida ya kusimulia mambo nisiyoweza kuyapima. Hili nililiona mchana, nikiwa na akili timamu, nyumbani kwangu Kitendaguro. Usiponiamini sitakulaumu. Hata mimi ningefurahi kutoliamini.

Kazi ya kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu na kwa kuharibu. Wengi hawajui kwamba faili ukilifuta halitoki. Limefichwa tu, na mwenye ujuzi hulirudisha. Ili litoke kweli, lazima diski nzima iandikwe upya, sufuri juu ya kila kitu. Huchukua saa kadhaa, na ikiisha hakuna wa kurudisha chochote.

Mama Koku, mjane wa mwalimu mmoja, aliniletea laptopu ya mumewe kutoka Buganguzi, kule Muleba.

"Shemeji anaitaka," alisema. "Kasema kwanza ifutwe kabisa."

"Umenakili vya muhimu?"

"Vya muhimu gani, fundi? Mle mna mitihani ya watoto. Marehemu alikaa nayo kuliko alivyokaa na mimi." Akacheka kidogo.

Sifungui mafaili ya wateja, ni kanuni yangu. Alipoondoka nikaanza kazi.

Saa nane hivi ikashuka mvua, ile ya kwetu inayopiga bati mpaka watu mnaongea kwa ishara. Mlangoni alisimama mwanaume mwenye koti la kahawia, kiwiko kimetiwa kiraka. Nikamkaribisha, nikampa akamwani, kahawa ya kutafuna, kama tunavyompa kila mgeni. Punje saba, nimezifunga kwa jani kavu la mgomba. Alipokea kwa mikono miwili, hakutafuna. Alitia mfukoni.

"Imefika wapi?" aliuliza, akiitazama laptopu.

"Asilimia thelathini na moja."

"Basi bado nimo. Isimamishe, waitu, tafadhali."

Nikadhani ni mmoja wa ndugu wanaogombea vitu vya marehemu. Nikamwambia aliyeileta ndiye mwenye amri, waje wote wawili.

"Hawezi kuja na mimi," alisema.

Hakupandisha sauti. Ndipo nilipotambua kwamba kwa mvua ile nisingeweza kumsikia, lakini nilikuwa nasikia kila neno. Nikatazama kioo: thelathini na mbili. Kugeuka tena, mlango mtupu, sakafu kavu.

Wewe ungefanya nini? Mimi niliiacha iendelee.

Siku ya tatu niliipeleka Buganguzi. Ukutani palikuwa na picha ya mwalimu, amevaa koti lile lile. Mama Koku akanipeleka kibanjani, kwenye shamba la migomba nyuma ya nyumba, nitoe heshima kaburini. Juu ya saruji palikuwa na jani kavu la mgomba, limefungwa kwa fundo langu. Nililifungua. Punje saba.

Wiki chache baadaye ukoo ulikaa kikao. Shemeji alisema hakuna wosia, kibanja ni cha ukoo. Hapo jirani mmoja akakumbuka: mwalimu alijirekodi kwenye kompyuta yake, akitaja kwamba kibanja ni cha mkewe, mbele ya mzee wa ukoo. Mzee huyo naye ameshafariki.

Mama Koku alikuja kwangu na laptopu mkononi; shemeji hakuwahi kuichukua. "Fundi, irudishe sauti yake. Sauti tu."

Nilijaribu siku nne. Niamini, kazi yangu nilikuwa nimeifanya vizuri. Leo amepanga chumba Buhembe, na hana mgomba hata mmoja.

Tangu hapo, kila nikifuta diski, ikifika thelathini na moja, mlango hubishwa mara mbili. Nafungua, hakuna mtu. Nimebadili programu. Nimebadili hata mlango.

Kama unayo kompyuta ya marehemu, usikubali ifutwe kabla watu wake wote hawajakaa wakaangalia ndani, hasa kama kuna mmoja mwenye haraka. Na kama umeshaanza, ukasikia hodi, simamisha kwanza. Mgeni utamkaribisha baadaye.