Sandwichi Yangu Ilivyomwaibisha Mama Mkwe

Jamani, nyirinyiri ile haikuharibiwa na joto la Garissa. Haikuharibiwa na uzee wa mtu. Niliiharibu mimi, kwa mikono yangu hii hii, kwa sababu ya mkate na jibini! Nimenyamaza hadi kifua kimejaa, na leo nasema yote hapa, mnihukumu mnavyotaka.

Kwanza mnijue, ingawa jina sitoi. Mimi si Msomali. Nimezaliwa ng'ambo ya daraja, upande wa Tana River, nikaolewa Garissa mjini na kijana wa Kisomali ambaye ukoo wake ulikuwa umeshamchagulia msichana mwingine. Mashangazi walinikataa katakata. Aliyesimama upande wangu ni mama yake peke yake. Aliwaambia kijana ameshapenda, msichana anaswali, mnataka nini tena? Wakanywea.

Tangu siku hiyo namwita Hooyo, yaani mama, naye ananiita Hooyo vilevile, maana mama wa Kisomali humwita mtoto kwa neno lile lile analoitwa yeye. Mmeona nilivyopendwa? Sasa sikilizeni nilivyomlipa.

Hooyo anakaa Balambala na ana sifa moja ambayo hakuna wa kumbishia. Nyirinyiri! Kwa wasioijua, ni nyama ya ngamia iliyoanikwa juani, ikakatwa vipande vidogo vidogo, ikakaangwa mpaka maji yote yakaisha, kisha ikazamishwa kwenye samli yenye iliki. Ya Hooyo hukaa miezi bila friji. Ukoo ukiwa na harusi, yeye ndiye anayetafutwa kabla hata ya kutafutwa hema.

Wifi yangu, kitinda mimba wake, alipojifungua mtoto wa kwanza, Hooyo alichinjisha ngamia akatengeneza ndoo nzima kwa ajili ya arubaini, siku ambayo mzazi anatoka ndani na wanawake wa pande zote mbili wanakuja kula. Ndoo akaileta kwangu niitunze. Alisema akiipeleka kwa wifi, wakwe zake wataionja-onja mpaka siku yenyewe ifike imebaki samli.

"Hooyo, hii usifungue," akaniambia kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali, akiiweka kabatini. "Kama ni lasima ufungue, kijiko iwe kafu. Kafu kabisa! Maji ni adui yake. Tone moja ikiingia, yote inakufa bole bole, na wewe huoni."

Nikamwambia sawa, Hooyo. Wallahi nilisikia. Sina kisingizio cha masikio.

Sasa, siku zile mume wangu alikuwa ameniletea air fryer kutoka Islii, Nairobi, ile mashine ya kukaanga kwa hewa moto. Nami nilikuwa na kidonda changu. Anjera yangu, ile mikate myembamba ya Kisomali, hushika chuma kila asubuhi, inatoka vipande vipande, na wifi haishi kunichokoza kwamba kaka yake analishwa matambara. Nikaapa nitawashinda kwa kitu wasichokijua. Sandwichi ya moto, kavu nje, jibini inavutika ndani, kama zile za kwenye video za simu.

Kwenye video mambo ni rahisi. Dada anaweka mkate, anafunga droo, anatoa kitu cha dhahabu huku anatabasamu. Mimi je? Nilifungua droo nikakuta slesi ya juu imepeperushwa na feni, imenasa kwenye waya wa moto, inaungua! Jibini imemwagika chini imekuwa gundi. Siku ya pili nikapunguza moto, mkate ukatoka mgumu kama ukuni na jibini ingali baridi. Nikapaka siagi ndani badala ya nje. Nikasahau kugeuza. Siku nyingine stima ikapotea katikati, mkate ukabaki umelala humo, upande mmoja mweusi na mwingine mweupe. Niliipiga ile mashine kofi, nawaambia kweli. Nikamgombeza mume kwa kuninunulia, nikamlaumu hadi mwenye duka la mkate. Hasira tupu!

Hatimaye nikagundua dawa ni kijiti cha meno. Unachoma katikati, slesi hairuki tena. Siagi inapakwa nje, moto wa wastani, unageuza mara moja basi. Mkate ukakubali. Lakini ladha? Mkate na jibini ni mkate na jibini tu! Ilihitaji nyama, na nyama tamu kuliko zote Garissa nzima ilikuwa kabatini mwangu.

Nikajiambia, kijiko kimoja tu, nani atajua? Nilikuwa katikati ya kuosha vyombo. Nikanyakua kijiko kwenye karai, nikakikung'uta mara moja, nikachota. Sikukifuta! Simu nilikuwa nimeshaiegemeza kwenye kikombe, inarekodi, na haraka ilikuwa imenishika. Maneno ya Hooyo yalinijia, msidhani hayakunijia. Nikayafukuza. Ah, tone moja litafanya nini?

Sandwichi ile ilikuwa tamu hadi nikajichukia. Samli iliyeyuka ikaingia kwenye mkate, iliki ikanukia mpaka uani. Mume akala akalamba vidole.

"Nyama umetoa wapi?" akaniuliza.

"Sokoni," nikasema, bila hata kupepesa jicho.

Video nikaituma kwenye kundi la wanawake wa mtaa, ile sehemu ya ndoo nikiwa nimeikata. Sifa zikamiminika. Hata wifi, akiwa ndani na mtoto wake, aliandika, "Wifi, leo umetuweza!" Mnajua nilivyokuwa nikiisubiri kauli hiyo? Kesho yake mume akaomba nyingine. Nikachota tena. Na tena. Kila nikimaliza nilisawazisha samli kwa mgongo wa kijiko, ikawa laini kama haijawahi kuguswa, nikafunga mfuniko na kwenda zangu.

Arubaini ikafika. Nyumba ya wifi ilijaa wanawake, udi unafuka, mtoto anapokezanwa. Ndoo ikawekwa katikati ya mkeka na Hooyo akaitwa aifungue mwenyewe, kwa heshima. Alikuwa amevaa guntino yake mpya, lile vazi la Kisomali la kufunga begani, uso unang'aa.

Akafungua mfuniko. Harufu ikatuvaa sote.

Juu ya samli kulikuwa na ukungu wa kijani. Hooyo akachokora chini kwa kijiko, kijiko kikavu, akakuta nyama imechacha. Akachokora chini zaidi. Vilevile. Wanawake wa upande wa wakwe wakatazamana, mmoja akavuta mtandio puani. Wifi akaanza kulia.

Yule shangazi mkubwa, yule yule aliyeongoza kunikataa, akamshika Hooyo bega. "Walaal, dada yangu, basi bumsika. Kasi hii sasa waachie wasichana."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi. Wahenga walisema siku za mwizi ni arubaini. Zilitimia kweli, mwizi akiwa amesimama pale pale, na aliyeshikwa akawa mtu mwingine! Nilichohitaji kusema ni maneno mawili tu, "Ni mimi." Mdomo ukakataa. Niliwaona wale mashangazi na nikajua nikisema, watasema tuliwaambia.

Wifi akafuta machozi akanigeukia. "Hii ilikaa kwako. Uliifungua?"

Kabla sijajibu, Hooyo aliinua mkono. "Abana! Usimguse huyu. Nilimwambia asifungue, na yeye hakufungua. Mimi najua mtu yangu." Kisha akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. "Ni mkono yangu imeisha."

Nami? Nikamimina chai kwenye vikombe kama mtu mwema!

Tangu siku ile Hooyo hajakaanga nyirinyiri. Harusi ya mpwa wake ilipokuja, ukoo ulimtafuta mwanamke wa Modogashe, tena bila kumuuliza. Alikaa kwenye harusi ile pamoja na wageni, akala kidogo, akasifu. Watu sasa humuuliza anajisikiaje, kwa sauti ile ya kuongea na wagonjwa. Mwanamke aliyenipigania mbele ya ukoo mzima!

Na sijui kama Mungu ananiadhibu au vipi, kwa sababu akija mjini kukaa nasi, anachotaka asubuhi ni sandwichi yangu. Namtilia yai na jibini, nyama sithubutu. Anaila na maziwa ya ngamia, polepole, akitikisa kichwa. "Mashine yako ni sawa, Hooyo. Hii haisahau kasi kama mimi."

Kila tonge analomeza linanikwama mimi!

Juzi amekuja na mzigo umefungwa kwenye kanga kuukuu. Akaufungua mbele yangu. Ilikuwa sufuria yake ya nyirinyiri, ile nzito, nyeusi kwa moshi, aliyopewa na mama yake.

"Binti yangu aliitaka, nimemnyima," akaniambia. "Unajua kwa nini? Siku ile ya arubaini nilipata aibu, lakini niliona wewe ndiyo mtu ya kuweka amana. Ukiambiwa usifungue, hufungui. Chukua."

Nikaipokea! Ningefanyaje? Nimeiweka kabatini, pale pale ilipokuwa ndoo, na siku hizi nikitaka chumvi iliyo humo namtuma mume anitolee.

Sasa nyinyi mnaosoma, hasa mabinti mlioolewa kwa watu wenye desturi zao. Ukikabidhiwa kitu cha mtu mzima, usijitie ujuzi. Ukiambiwa kijiko kikavu, kifute! Na ukishakosea, sema siku ile ile, kosa likiwa bado ni la kijiko. Ningesema mapema ningegombezwa, ningechekwa na wifi mwaka mzima, basi. Sasa nitasemaje? Kila siku ninayonyamaza namwacha mzee wa watu aamini kwamba mikono yake imekufa, na haijafa! Ni mizima! Ingeweza kukaanga hata leo jioni.

Hivi ninavyoandika, ameketi sebuleni anangoja chakula chake. Droo imelia, mkate umeiva. Nitamwekea sahani mbele yake, niketi chini, na kabla hajamega nitamwambia.

Hata jana nilisema hivyo hivyo.