Mlinzi wa Bwawa na Mti Wake

Baba yangu Ndambuki aliajiriwa kuokoa watoto wasizame majini, na yeye mwenyewe alikuwa hajui kuogelea hata kidogo. Naanza na hilo ili tusipotezeane wakati. Wazee wa Voi wanaomkumbuka bado hunishika mkono sokoni na kunisifia, "Babako alikuwa samaki, yule!" Mimi hutabasamu, nikachukua nyanya zangu nikaenda zangu. Samaki! Mtu aliyekuwa akioga kwa kopo, tena huku amefumba macho.

Mambo yalianza hivi. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini jua liliwaka Ukambani mpaka mbuzi wakala nyasi za paa. Baba na mama yangu, Mumbe, walishuka Voi nikiwa mgongoni, baba akapata kibarua cha kukata mkonge katika shamba moja upande wa Ndara. Ile miiba ilimchana mikono na siku moja nusura imtoboe jicho. Basi aliposikia kwamba klabu ya wazungu inatafuta mtu wa bwawa la kuogelea, hakuuliza mara mbili.

Klabu ilikuwa ya watu wa shamba, wa reli na wa serikali. Walikuwa wamewachimbia watoto wao bwawa, wakawaundia na timu ya kuogelea ya kushindana na timu nyingine. Msimamizi alikuwa Bwana Halford, ambaye sisi tulimwita Bwana Kipenga, kwa kuwa kipenga hakikumtoka shingoni hata akinywa chai. Alimtazama baba toka juu hadi chini, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha kisetla, "Wewe najua kuogelea?"

"Najua sana, bwana."

"Nafundishwa wapi?"

"Mto wa Athi, bwana. Na mamba walikuwamo."

Bwana Kipenga akacheka, akampa nguo za kaki, kofia, na chumba cha mawe chenye mlango wa kufungwa kwa kufuli. Mama aliigusa ile kufuli, akaigusa tena. Baba alidhani uongo wake ni wa wiki mbili tu. Kuogelea ni kitu gani? Si atajifunza polepole, watu wakiwa wamelala?

Hakujua sheria ya klabu. Mwafrika haruhusiwi kutia hata kidole katika maji yale, ila mtoto akizama. Bwawa lilipochafuka, maji yalifunguliwa yote, ndipo baba akateremka na ufagio kusugua sakafu. Alilijua bwawa lile kila pembe, lakini likiwa kavu. Upande wa kina alisimama chini akitazama juu, ukingo ukiwa mbali juu ya kichwa chake.

Nje ya klabu nako angejifunzia wapi? Mto Voi ulikuwa mchanga karibu mwaka mzima. Rafiki yake Elijah, mpishi wa klabu, Mtaita wa Mbololo asiyeweza kumaliza siku bila mzaha, alimpeleka Jumapili moja mpaka Ndara kwenye birika la ng'ombe. Baba akavua shati, akajilaza majini kwa tumbo, akazama kama jiwe la kusagia. Maji yenyewe yalimfika kiunoni.

"Piga mikono, Ndambuki! Piga na miguu!" Elijah alimfokea toka ukingoni.

"Nikipiga yote mawili, nani atanishikilia?"

Mchunga mifugo akawatokea na rungu, anauliza ni watu gani hawa wanaooga katika maji ya ng'ombe wa watu. Walikimbia mpaka barabarani, baba akiwa na shati mkononi. Kuanzia hapo masomo yalifanyika nyumbani, juu ya kitanda cha kamba. Baba akirusha mikono, mama anacheka mpaka anakaa chini. Nilicheka na mimi, sikujua kinachochekwa.

Aliyemwokoa ni mkonge. Mkonge ukizeeka hutoa shina la maua, refu kupita paa la nyumba, gumu lakini jepesi. Baba alikata moja, akalichonga, akafunga kitanzi cha kamba mwishoni. Watoto walipofanya mazoezi, yeye alitembea ukingoni na mti wake. Mtoto akichoka, anamteremshia kitanzi, anamvuta polepole. Bwana Kipenga alilipenda jambo hilo, akasema huyu ni mtu wa akili. Kwa hiyo baba aliishi kwa mti, miaka ikapita, na wala hapakutokea mtu wa kumwambia hebu ingia tukuone.

Lakini palikuwa na siku za mashindano. Hapo ndipo mtego ulipombana. Kila mwaka timu ya Mombasa ilikuja kwa treni ya asubuhi, watoto waliozoea bahari tangu wakitambaa, na sheria ya mashindano ilikuwa kwamba mtoto akigusa mti, ametolewa. Baba alitakiwa kusimama tu, mti begani. Juma lote kabla ya siku hiyo alikuwa hali chakula kikashuka.

"Mama Kalondu," alimwambia mama, akimwita kwa jina langu, "kesho mtoto akizama, mimi nitafanya nini?"

"Mwambie bwana ukweli."

"Halafu tulale wapi?"

Chumba kilikuwa cha kazi. Kazi ikiisha, kufuli inarudi kwa bwana. Na ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Mtu asiye na karatasi ya mwajiri aliokotwa njiani akarudishwa kwao, na kwao wakati ule ni vumbi. Mimi nami nilikuwa nimeanza shule ya misheni. Mlango ule ule uliomfurahisha mama ndio uliomfungia baba ndani. Na msidhani aliogopa kufukuzwa tu. Wale watoto aliwapenda. Alikuwepo msichana mmoja, Penny, mtoto wa mtu wa reli, mnene kidogo, wa mwisho kila mara. Katika mazoezi alishika kitanzi cha baba kila siku, akamwita "Dambuki" na kumletea biskuti zilizolowa mfukoni. Baba alizila zote, kwa heshima. Huyo ndiye aliyemnyima usingizi.

Mwaka wa hamsini na saba timu ya Mombasa ilikuja na wazazi, viti vikajaa. Sisi wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, tulisimama nje ya ua wa mkonge, tukichungulia. Mama alikuwa amenishika bega, vidole vinaniuma. Nilimwona mama yake Penny akiinama na kumwambia mtoto kitu, akionyesha mti wa baba na kutikisa kidole. Hata kama husikii, unajua: leo usiushike ule mti.

Bunduki ya kuanzisha mashindano ikalia. Watoto wakajitupa. Wa Mombasa walitangulia kwa mbali, na macho ya kila mtu yakaenda nao mpaka mwisho wa bwawa, kelele zikawa nyingi, Bwana Kipenga ameinamia saa yake. Penny alibaki nyuma, peke yake, upande wa kina. Baba alikuwa akitembea sambamba naye, hatua kwa hatua. Nilimwona mtoto akimeza maji. Akaacha kwenda mbele, akawa anapiga maji mahali pamoja. Baba akateremsha kitanzi mbele ya uso wake.

Penny akautazama mti. Akatikisa kichwa.

"Shika!" Baba alipiga kelele. "Shika, mwanangu!"

Akatikisa kichwa tena, akazama na adabu yake yote.

Baba alitazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa akimwangalia ila sisi wa uani, na mama alikuwa ameanza kusema "hapana, hapana, hapana" kwa sauti ndogo. Baba akaukumbatia mti kwa mikono miwili, akaruka na viatu vyake na kofia yake.

Kofia ikaelea. Yeye akaenda chini moja kwa moja. Mama akapiga ukunga, na hapo ndipo viti vyote vikageuka. Mimi nilijua tu kwamba sasa sina baba. Nilijua hivyo kabisa, na nilimchukia Bwana Kipenga, na mama yake Penny, na biskuti zake, kwa chuki ambayo sijawahi kuipata tena.

Kisha ncha ya mti ikasimama. Ilitokeza juu ya maji, ikatikisika, ikaegemea ukingo. Ukatoka mkono mmoja, ukashika juu zaidi. Baba alikuwa amesimama kwenye sakafu aliyoisugua miaka yote, ameusimika mti pale, na sasa alikuwa anaupanda, kama alivyopanda miti ya mizinga ya nyuki kwao, Penny amelala begani. Akatoka mtoto kwanza. Watu wakamdaka, wakamgeuza, akatapika, akalia, na kilio chake kilikuwa kitamu masikioni. Kisha wakamvuta baba.

Alikaa ukingoni akikohoa. Baadaye alimweleza mama alichokuwa akikifikiri pale: basi, imekwisha, wameniona. Na alisema moyo ulikuwa mwepesi. Afukuzwe. Twende tukale vumbi, lakini asisimame tena kando ya maji yale na uongo kifuani.

Bwana Kipenga alimjia mbio, akamwinua, akamshika mkono mbele ya watu. "Mzuri sana! Mzuri sana! Nakwenda chini na fimbo, napanda na mtoto! Hii ndio akili ya Mto Athi!" Akawageukia wageni akawaeleza kwa Kiingereza, na wale wa Mombasa wakatikisa vichwa kwa mshangao, mmoja wao akiupapasa ule mti. Wala hapakuwa na mtu aliyeona kwamba wameangalia mtu akizama. Waliona ujuzi.

Baba alifungua mdomo. Elijah, aliyekuwa karibu na sinia ya chai, anaapa kwamba alikuwa anataka kusema. Lakini Bwana Kipenga alikuwa bado hajamaliza.

"Wewe takaa hapa siku zote, Dambuki. Klabu hapana taka mtu mwingine, mpaka wewe mzee. Na leo mimi natoa zawadi. Sema, nataka nini?"

Alitaka kitu kimoja tu duniani, afundishwe kuogelea, na hicho ndicho peke yake asichoweza kukiomba. Maji yalikuwa yanamchuruzika mikononi. Alimtazama Penny, aliyefungwa taulo, meno yanagongana. Mashindano yalikuwa hayajaisha. Watoto wengine walikuwa tayari wamejipanga ukingoni, wanangoja bunduki.

"Mti mwingine, bwana," baba akasema. "Mrefu kuliko huu."

Wazungu wakacheka, wakapiga makofi. Huku uani, mama akajifunika uso kwa leso.