Mlango wa Wikio

Jana simu ililia mikono yangu imejaa unga. Ujumbe: mjukuu wa dada yangu anaolewa Ijumaa, karibuni nyote. Nyote! Damu yangu inaolewa, nami nimo kwenye "nyote" pamoja na watu wa Mombasa nisiowajua. Zamani ningewaka. Siku hizi nimechoka hata kuwaka. Nikakaa kwenye kigoda, nikamkumbuka dada mwenyewe alipoolewa hapa hapa Lamu, Amu yetu, miaka ya hamsini, mimi bado sijavaa buibui.

Harusi enzi hizo ilialikwa kwa miguu. Wanawake waalikaji walijifukiza udi, wakapita nyumba hadi nyumba, wakabisha, wakapandishwa juu na kunyunyiziwa mawardi, ndipo waseme lililowaleta. Kumruka mtu ni kumwambia kuwa hayupo duniani.

Nyumba yetu na ya jirani ziliungana kwa wikio, kile chumba kinachovuka juu ya ndia, njia ya mtaani, kutoka ukuta huu hadi ule. Wanawake tulipita humo bila kushuka chini. Asubuhi jirani alivuka na mahamri ya moto, jioni sisi tukavuka na mchuzi wa samaki. Mama alipougua uzazini, jirani ndiye aliyemnyonyesha dada. Kwa hiyo hina ya harusi ilikuwa ya mkono wake, hilo halikuwa na mjadala.

Basi waalikaji wakauruka mlango wake. Bibi yetu ndiye aliyewatuma, naye alisema, "Wale si watu wa kualikwa, wale ni sisi." Maskini, alidhani anamtukuza.

Jirani alikuwa amevaa, kahawa iko motoni. Akawasikia wakibisha kwa wa kulia, wakabisha kwa wa kushoto. Alasiri tukasikia komeo la wikio likifungwa upande wake.

Siku ya hina ikafika. Asumini zinanukia mpaka kichwa kinauma, uani wanawake wanapiga kwa vijiti pembe za vugo, ngoma yao ya harusi, na kuimba. Shangazi akaja na bakuli la hina. Dada akakunja ngumi, akazikalia.

"Asipokuya mamangu aliyeninyonyesha, naenda mikono mitupu."

Bibi harusi bila hina! Watu wangesema ametolewa matangani. Mama aligonga mlango wa wikio mpaka vidole vikamuuma. Hakufunguliwa.

Bibi alikuwa na kiburi chake, na wanawake wa nyumba yetu hawakutoka mchana. Siku ile aliomba buibui. Alinishika bega, tukashuka ngazi taratibu, tukatoka kwenye jua kali. Wanaume waliokaa barazani wakainamisha macho. Akabisha hodi, kwenye nyumba aliyoizoea kama jiko lake.

"Bi, nimekuya kukualika," akasema. "Harusi ya mwanao."

Walilia wote wawili pale mlangoni, nami nikalia kwa kuwaona wao. Kisha jirani akavaa buibui lake, akaja. Alikuja kwa ndia, akapitia mlango wa mbele, kama mwalikwa. Alimpaka dada viganja na nyayo, na hina ikaiva nyeusi ya kupendeza.

Ila lile komeo halikufunguliwa tena. Hawakugombana, la. Walitembeleana kwa hodi na karibu, na mahamri yakaja kwenye sinia, yamefunikwa kitambaa, yameshapoa. Bibi alipozeeka asiziweze ngazi, na jirani naye miguu ikamwisha, hawakuonana tena mpaka kufa kwao. Kati yao mlango mmoja tu. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nyumba ya jirani sasa ni ya wageni, wikio limezibwa kwa matofali. Waalikaji wamekwisha, na pembe za vugo sijui ziko kwa nani.

Jana hiyo hiyo nilinawa unga, nikaujibu ujumbe: nitakuja, inshallah. Kususa nako kwataka nguvu, na mlango mmoja uliofungwa umenitosha.