Mifuko Mbili ya Kikwembe Moja

Ule muzee wa upande wa Wamaza, mwenye nilikuwa namutaja hapa kila mara nikikosa kitu ya kuandika, amekufa. Habari ilinikuta juu ya kichuguu. Ninyi wenye munasomaka hii fasi yangu munajua kwamba kwetu Kasongo, kwa kupata rezo ya telefone, mutu mukubwa na ndevu zake anapandaka juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ya jirani, anasimama na muguu moja kama ndege ya muto. Jirani ya muzee ndiye aliniita. Akasema: "Baba ametuacha, tulimuzika jana." Mimi, badala ya kusema pole kama mutu wenye alilelewa, nikamuuliza: "Na mupunga?" Hakucheka, hakukasirika. Akasema: "Mupunga unaanza kuiva." Halafu rezo ikakatika, nikabakia pale juu na telefone kwenye sikio. Munaweza kufikiri niko mutu wa tumbo tu. Ni kweli, lakini siyo leo. Ngojeni niwaeleze juu ya nini niliuliza mupunga mbele ya kulia.

Bibi yake alimutangulia. Kati ya kifo ya ule mama na kifo ya muzee hakuna hata mavuno moja. Walikuwa wameoana tangu wakati mimi nilikuwa bado mutoto wa kubebwa mugongoni, na kazi yao ilikuwa moja: mupunga, na muhogo kidogo pembeni. Niliwajua nikiwa kijana. Nilikuwa nimefika trwaziyeme sekondere, ule mwaka wa tatu wenye mimi na mwalimu wa hesabu tulichokana, yeye akabakia na hesabu, mimi nikabakia na kinga, baiskeli ya muzigo. Nikawa nasukuma ile kinga mpaka upande wa Kabambare na chumvi na sabuni. Siku moja malaria ikaniangusha mbele ya nyumba yao. Niliwaomba mayi ya kunywa, nikakaa wiki tatu. Mama ananikamulia dawa ya majani, chungu kama deni, na muzee anakuja kusimama mulangoni: "Huyu wa sabuni, bado hajakufa?" Mama anamujibu: "Bado. Wewe ngoja, sabuni siyo yako."

Juu ya moto yao, ndani ya moshi, kulikuwa mifuko mbili midogo. Mama aliishona yote na kikwembe moja, kile alivaa siku ya ndoa. Ndani ni mbegu ya mupunga, nusu huku, nusu kule. Niliuliza juu ya nini musiweke pamoja. Muzee akaniangalia kama vile mwalimu wa hesabu alikuwa ananiangalia. Akasema: "Siku ya masasi, bunduki zikilia, mimi na huyu hatupite njia moja. Mimi napita mulima na mufuko yangu, yeye anapita muto na yake. Tunakutana kule pori, kwenye shamba yetu ya zamani. Wakikamata moja, mwengine iko na mbegu." Mama akamalizia, akipepeta muchele, bila kuinua kichwa: "Na mwenye kufika asirudi kumutafuta mwenzake. Anakamata jembe, analima. Njo sheria yetu." Nikacheka. Kwetu watu wanaapaka mbele ya padiri kwamba hawataachana, na hawa, mbele ya mbegu, waliapa kuachana mapema.

Haikupita siku ine, masasi ikalia. Muzee akashika mufuko yake, akapotea upande wa mulima bila kusema kwa heri. Mimi na malaria yangu nikafuata mama upande wa muto. Juu ya heshima nikamwambia: "Mama, leta mufuko, nitabeba." Kosa yake ya kwanza ile, kunipa. Siku ya pili njaa ilinishika mpaka macho ikaona watu wawili wawili. Tulikuwa tumejificha ndani ya majani, na njiani tunasikia watu wenye bunduki wanapita wakiongea. Mimi mukono wangu ukaingia ndani ya mufuko peke yake. Nikatia mbegu kinywani, mbichi, na maganda yake. Ganda moja ikakwama kwenye koo. Wasomaji, mwajua vile kikohozi inakuja wakati haitakiwe? Mama akanirukia, akaniziba kinywa na pua na mukono wake mugumu kama ganda ya muti, akanikalia kifuani. Niliona kaburi yangu. Wale watu walipita. Aliponiachia, hakusema neno juu ya kufa. Alichungulia mufuko, akapima na macho: "Umekula mukono moja ya mbegu. Mwaka kesho ule mukono ungekuwa kikapo. Utaulima." Na niliulima. Nilibakia kule pori sezo muzima ya mupunga, mikono ikatoboka, muzee akipita ananicheka: "Sabuni, hapo ulikula bado haujamaliza."

Tulipofika kule pori, muzee alikuwa amekwisha kufyeka fasi kubwa. Alimuona bibi yake anatoka kwenye majani, hakusimama hata kidogo. Akasema: "Umechelewa." Mama akamujibu: "Wewe ulikimbia kama mwizi. Mimi nilitembea kama mutu wa heshima, tena na muzigo ya kukohoa." Basi. Hakuna kukumbatiana. Lakini ile jioni niliona muzee anahesabu vidole vya miguu ya bibi yake na kutoa miiba, moja moja, na mdomo anamutukana.

Nimeandika hapa mara nyingi juu ya wale wanatoka mbali kutufundisha kulima. Wanatuonyesha kamba, umbali kati ya shimo na shimo. Ni vizuri. Lakini hakuna hata moja aliniuliza: ninyi huku, mbegu munakimbia nayo namna gani? Na ile ndiyo kilimo yetu. Vijana wengi wamekwenda Salamabila kutafuta zahabu, na siwalaumu, mutu anachoka kupanda kitu yenye atakula mwengine. Wanaobakia kwenye mashamba ni wazee, na sheria zao za kukimbia zenye walitunga wakati walikuwa bado na magoti.

Mara ya mwisho masasi kulia kule, mama alikuwa anatembea na fimbo. Walifanya vile walizoea. Muzee mulima, mama muto. Muzee akafika. Akangoja kidogo, akashika jembe, akalima. Siku ya kwanza, akasema moyoni: anatembea kama mutu wa heshima. Siku ya pili akalima. Siku ya tatu akalima, lakini alinieleza kwamba jembe ilikuwa inapiga fasi moja tu. Siku ya ine jirani walipita na njia ya muto, wakamukuta mama pale pa kuvukia, amekaa chini ya muti. Muguu ulivunjika kwenye mawe. Alikuwa amevunja majani ya kujifunika, na majani ya chini ilikuwa imekauka, ya juu bado mabichi. Maana yake hakufa siku ile ya kwanza. Mufuko yake aliitundika juu ya tawi, mbali na mayi. Kamba ilikuwa bado imefungwa. Mimi nilishindwa na njaa ya siku mbili; yeye, siku zote zile, hakufungua hata kamba.

Nilifika na pikipiki wakati wa kilio, matope mpaka kwenye nyusi. Watu walikuwa wengi na chakula hakuna. Ndugu ya mama akasema: "Shemeji, watu wanalia na njaa. Tutwange ile ya mufuko." Muzee akachukua mufuko, akauweka chini, akaukalia mbele ya watu wote. "Mwenyewe hakuila. Ninyi mutaila?" Kiisha alifanya kitu sikuwahi kuona: alimwaga mufuko yake na ya mama ndani ya kikapo moja, akachanganya na mikono, akichanganya tu, kama mutu anatafuta kitu kimemwanguka. Hakuniangalia. Akasema: "Sabuni, ningepita naye njia moja." Nikamwambia mbegu imepona. Akasema: "Ndiyo. Imepona."

Akaipanda peke yake, yote, shamba moja. Akafukuza ndege mpaka alipoanguka. Sasa munajua juu ya nini niliuliza mupunga.

Jirani wamevuna. Juzi mutu wa pikipiki alinipigia hodi, akanipa mufuko moja, kitambaa imepauka mpaka hauwezi kujua rangi. Akasema: "Baba aliacha neno: nusu ibakie Wamaza, nusu iende kwa ule mwizi wa mbegu." Mama ya watoto wangu aliupokea, akautundika juu ya moto, kwenye moshi. Akakaa akiuangalia.

"Siku ya kukimbia, hii nani atabeba?"

"Wewe," nikasema. "Mimi naweza kuila."

"Na wewe utapita wapi?"

"Nyuma yako."

"Na wakitukamata sisi wote wawili? Na mbegu?"

Nilimufikiria ule muzee. Siku tatu alilima kwa nguvu zake zote, na bibi yake alikuwa anamungoja mwendo wa saa mbili tu kwa miguu. Hii hesabu, hata mimi wa trwaziyeme naiweza. Nyumba yenu ikiwa na wazee, wasomaji wangu, sheria yao ya kukimbia muibadilishe leo, wakati kuko kimya, maana siku ile hakuna mwenye atakumbuka kuibadilisha.

"Mbegu ipotee," nikamwambia.

Akainuka, akautungua mufuko. Kisha akasema: "Basi azima jembe, mwizi. Tuipande kabla haijapotea."