Hewala na Karatasi ya Tatu

Mimi ni mlalamikaji. Nalalamika joto, nalalamika baridi, nalalamika wali ukiwa mbichi na nalalamika ukiwa bokoboko. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nasimulia habari za mwenzangu kwa sababu mimi ni bora kuliko yeye. Ila mimi nalalamikia kitandani, pazia likishafungwa. Huko juu, mbele ya abiria na mbele ya msimamizi, ni meno nje tu kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Mwenzangu, dada mmoja mpole, tulimwita Hewala. Msimamizi akisema leo kuna vyumba viwili vya ziada, yeye "hewala". Akisema likizo yako imesogezwa mbele, yeye "hewala". Hewala haigombi, na kweli miaka mitatu tuliyofanya kazi pamoja kwenye ile meli ya watalii sikumsikia akigombana na kiumbe. Tulilala chumba kimoja chini kabisa, karibu na injini, kitanda changu juu na chake chini. Ukutani alibandika picha ya mama yake na wajukuu wawili, watoto wa Hewala, wamesimama mbele ya nyumba ambayo nusu ina bati na nusu haina. Kila mkataba ukiisha, bati ziliongezeka. Huyo mama ndiye aliyemlea hivyo: ukipewa mkate shukuru kwanza, ndipo ugeuze uone kama umeungua. Mimi ningegeuza kwanza.

Tulisafisha ghorofa ya saba, ubavu wa kushoto. Vyumba kumi na sita vyake, kumi na sita vyangu, na toroli moja la mashuka lililokuwa linavuta kulia kila tunapolisukuma. Kutandika, kusugua choo, kubadili taulo, kisha taulo moja unaikunja inakuwa tembo, unamkalisha kitandani ili abiria akirudi afurahi. Usiniulize nani aligundua upuuzi huo.

Kilichotutia hofu si kazi. Ni karatasi. Abiria akichukizwa na jambo anakwenda mapokezi, anajaza karatasi nyekundu. Ya kwanza unaonywa kwa mdomo, ya pili unaonywa kwa maandishi, ya tatu unashushwa bandari inayofuata na begi lako, na kampuni nyingine ikikuuliza ulishushwa kwa nini, huna la kujibu. Za shukrani zipo pia, za kijani, lakini hazifuti kitu. Uwe na kijani hamsini na nyekundu tatu, unashuka vilevile.

Hewala alikuwa na mbili. Zote aliandikiwa na abiria mmoja katika safari hiyo hiyo ya wiki tatu, mzee mmoja mrefu aliyetembea na daftari mfukoni na saa kubwa mkononi. Tulimwita Bwana Kasoro. Kwanza aliandika kwamba mto unanuka sabuni. Sasa ulitaka unuke nini? Pili aliandika kwamba tembo wa taulo amekalishwa juu ya miwani yake. Mimi ile ya tembo nilicheka mpaka machozi. Hewala hakucheka. Aliposomewa alisema asante, akatoka, akaingia stoo ya mashuka akashika rafu kwa mikono miwili mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Tangu siku hiyo alikuwa akifika mlango wa Bwana Kasoro anapumua kwanza kabla ya kugonga.

Chumba kinachofuata alikaa bibi mmoja mjane, mwembamba, mwenye kutembea akishika ukuta. Huyo tulimwita Bibi Asante. Alishukuru kwa shuka, alishukuru kwa glasi ya maji, alishukuru ukimfungulia mlango na alishukuru ukiufunga. Alipogundua kwamba bango la "Usisumbue" likining'inia mlangoni sisi haturuhusiwi kuingia, akaanza kulitundika makusudi.

"Leo pumzika, mwanangu," alimwambia Hewala. "Mimi ni mtu mmoja, nachafua nini? Na mwenzako mwambie apumzike."

Basi siku za bango tulipata nusu saa ya wizi. Tuligeuza ndoo mbili ndani ya stoo, tukakaa, tukala biskuti alizotupa Bibi Asante, mimi nikilalamika na Hewala akinisikiliza. Kwetu lile bango lilikuwa zawadi. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuwa upande wa pili wa zawadi hiyo.

Siku ya kumi na mbili tulikuwa katikati ya maji, hakuna bandari, na meli ilikuwa inayumba kiasi cha kumwaga chai. Saa tatu asubuhi nilikuwa peke yangu na toroli koridoni. Bango la Bibi Asante lilikuwa limening'inia tangu jana jioni. Bwana Kasoro akatoka chumbani kwake na daftari.

"Bomba la bafuni kwa jirani yangu linamwaga maji tangu saa kumi na mbili," akasema. "Halijafungwa. Mtu haogi saa tatu nzima."

Tumefundishwa jibu moja. Nikalitoa na tabasamu lake. "Asante kwa kutueleza, bwana. Tutalishughulikia."

Sikushughulikia chochote. Nilijisemea huyu akikosa kasoro chumbani kwake sasa anazifuata kwa majirani. Nikasukuma toroli. Hewala alipotoka chumba cha mwisho sikumwambia, kwa sababu nilijua angekimbia kugonga, na ile nusu saa yetu ingepotea. Nataka hili lieleweke vizuri. Niliitaka nusu saa yangu na biskuti zangu.

Saa tano na nusu tulikuwa juu ya ndoo zetu mlango wa stoo ukafunguliwa. Abiria haruhusiwi kuufungua. Bwana Kasoro alisimama pale, shingo imemtoka mishipa.

"Nilimwambia mmoja wenu saa tatu! Nimeandika! Maji bado yanamwagika, nimegonga ukutani, hakuna anayejibu!"

Kwake sisi tulikuwa sare mbili za bluu, hakujua yupi ni yupi. Hewala aligeuka akanitazama mimi, biskuti ikiwa mkononi.

"Alikuambia?"

"Ni malalamiko yake ya kila siku," nikasema.

"Bibi umemwona leo?"

Sikuwa nimemwona. Wala jana jioni sikuwa nimemwona. Hewala alikwishatoka.

Mlangoni alisimama chini ya lile bango akagonga kwa vidole, kisha kwa kiganja, kisha kwa ngumi. "Bibi! Bibi, ni mimi!" Tukaweka masikio kwenye ubao. Maji yalisikika yakimwagika mfululizo, na chini ya sauti ya maji hapakuwa na kitu kingine. Akilini nikamwona Bibi Asante amekufa tangu alfajiri, na mimi saa tatu nimepita hapa nikitabasamu.

Nikapiga simu ya ukutani kwa msimamizi. Alikuwa ghorofa ya tisa na abiria waliogombea viti vya kuotea jua.

"Bango lipo?" akauliza.

"Lipo."

"Basi msiguse. Hamfungui mpaka nije. Nikimaliza hapa nakuja."

Nikamwambia Hewala. Nikamshika mkono wa sare. "Tumsubiri, dada. Ukifungua na bibi wa watu amelala zake, hiyo ndiyo ya tatu. Fikiria watoto."

Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mimi sikuwa na karatasi hata moja. Miaka mitatu sikuwahi kumsikia akikataa amri. Nilingoja aseme neno lake. Hakulisema. Alichomoa kadi ya milango shingoni, akaipitisha, akaingia.

Kitanda hakikuwa na mtu. Zulia lilikuwa limelowa hadi karibu na meza. Bibi Asante alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya bafu, mguu mmoja umekaa upande ambao mguu haukai, na maji ya bomba yaliyokwishakuwa baridi yanamwagikia mgongoni. Midomo ilikuwa ya bluu. Nilipiga yowe. Hewala alifunga bomba, akavuta mashuka ya kitanda yote, akapiga magoti ndani ya maji, akamfunika, akamkumbatia pamoja na mashuka. Mimi nilikuwa bado nimeshika fremu ya mlango.

Ndipo Bibi akafumbua macho.

"Samahani, mwanangu," akasema, na meno yanagongana. "Nimekulowanishia zulia."

Ukutani, shibiri moja tu kutoka mkono wake, ilining'inia kamba nyekundu ya kuomba msaada. Kila bafu linayo. Ukiivuta, muuguzi anafika kabla hujahesabu mia. Hewala aliitazama kisha akamtazama yeye.

"Bibi, kwa nini hukuvuta kamba?"

"Niliona mtakuwa na kazi nyingi. Nikasema nitapata nguvu, nitainuka mwenyewe."

Aliivuta Hewala. Wauguzi walikuja mbio, wakamfunga mguu, wakambeba. Daktari wa meli alisema nyonga imevunjika, na kwamba angekaa kwenye maji yale saa moja zaidi, tungebeba maiti. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu alibakiza saa moja tu aumbuke. Koridoni Bwana Kasoro alikuwa ameegemea ukuta, ameshika ndara za Bibi ambazo sijui alizitoa wapi. Hakuwa anafoka tena. Alikuwa anarudia kwa sauti ndogo kama mtu anayesali, "Nilisema. Nilisema saa tatu." Nilipita mbele yake nikiangalia chini, nikijua kwamba akinyanyua macho tu na kunitambua, nimekwisha.

Kesho yake tuliitwa wote wawili. Ofisi ya msimamizi haina dirisha, ina meza, feni na kabati la mafaili. Juu ya meza ilikuwepo karatasi nyekundu, imejaa mwandiko mdogo mdogo hadi ukingoni.

"Kufungua mlango hakuna shida," msimamizi alisema. "Daktari amekusifu, na nahodha amenyamaza. Shida ni hii." Akasoma. "Saa tatu na dakika saba nilimweleza mmoja wa wasafishaji wawili. Alitabasamu. Mlango ulifunguliwa saa sita kasoro dakika ishirini. Mwanamke mzee alilala kwenye maji baridi saa mbili na nusu zaidi bila sababu yoyote."

Ukweli mtupu. Katika malalamiko yote ya yule mzee, hilo ndilo lisilokuwa na kasoro.

"Mmoja wenu," msimamizi akasema. "Ni yupi?"

Feni iligeuka upande wangu, ikageuka upande wake. Nilikuwa nina kinywa ambacho miaka mitatu hakikupumzika. Nilikuwa nimelaani meli, msimamizi, wali na tembo wa taulo, yote nikiwa nyuma ya pazia. Sasa nimeulizwa swali la neno moja, ulimi umegoma.

Hewala alijua. Alisubiri kidogo, hakunitazama. Nadhani hakunitazama makusudi, asije akanilazimisha kwa macho.

"Hamsemi?" Msimamizi akavuta orodha. "Chumba ni chako, Hewala. Basi ni wewe. Hii ni ya tatu, na kesho kutwa tunatia nanga. Weka sahihi hapa."

Nikamwona anafungua mdomo. Nikajua neno litakalotoka, na likatoka.

"Hewala."

Akachukua kalamu. Kalamu ilikwishagusa karatasi, na nukta ya wino ikaanza kutanuka pale iliposimama, maana hakuweza kuisogeza. Nikaiona akilini ile picha ya chumbani kwetu, nusu bati nusu wazi.

"Ni mimi," nikasema. "Aliniambia mimi. Sikumwambia mwenzangu."

Msimamizi aligeukia kabati la mafaili. Akafungua faili langu, halikuwa na kitu. Akalipiga mstari jina la Hewala, akaandika langu, akanisogezea kalamu.

"Ya kwanza," akasema. "Chunga sana. Rudini kazini."

Basi, yakaishia hapo. Onyo la mdomo. Kwa kuogopa karatasi moja, ya kwanza, isiyonipunguzia hata siku ya mkataba, nilikuwa tayari kumwangalia mwenzangu akishushwa na begi lake.

Tulitoka tukasukuma toroli, linavuta kulia kama kawaida. Mlango wa Bibi Asante ulikuwa wazi, kitanda kimevuliwa mashuka, bango limetupwa kwenye kapu. Hewala alisimama hapo, akageuka, akanishika mkono.

"Asante," akaniambia.

Nilitamani anitukane.